Mtoto Aitwe Nani?

*Ndani ya nyumba yetu ya Buswelu, jina la mtoto lilitugombanisha kuliko hela ya matumizi. Mhariri wetu anasimulia.*

Nina jina moja ambalo hujawahi kuliona kwenye jarida hili. Halimo kwenye ukurasa wa mhariri, halimo kwenye kadi zangu za kazini, na hata wenzangu niliosoma nao mawasiliano ya umma chuo kikuu kwa miaka mitatu hawalijui. Nilipewa na baba siku niliyozaliwa. Nilianza kulificha nikiwa kidato cha kwanza, na ningeendelea kulificha mpaka leo kama binti yangu asingezaliwa.

Nitakutajia, usijali. Ila kwanza nikupe stori ya ugomvi.

Orodha kwenye friji

Tunaishi Buswelu, wilaya ya Ilemela, hapahapa Mwanza. Mimba yangu ilipofika miezi saba, mimi na mwenzangu tulibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kila aliyepata jina zuri aliandika. Zilikuwa siku tamu jamani! Yeye akaandika Brianna, mi nikaandika Ivanna. Akaongeza Jayden, endapo angekuja wa kiume. Nikalifuta, kwa sababu mtaani kwetu Jayden wapo watatu, ukimwita mmoja wanakuja wote. Vigezo vyetu vilikuwa viwili tu: jina liwe fupi, na lipendeze chini ya picha ya Instagram. Maana? Nani alikuwa na muda wa maana?

Mtoto akaja mwezi wa nne, usiku, mvua ikinyesha kama imetumwa. Kama unaijua masika ya Mwanza utanielewa. Maji yanaporomoka kwenye mawe, njia inageuka mto, umeme nao unaaga. Bajaji iliyotubeba ilikwama kwenye mwinuko, mwenzangu akashuka kusukuma na viatu vyake vya ofisini. Tulifika hospitali tumelowa chapachapa, wote wawili tunacheka kwa woga. Alfajiri, mvua bado inapiga bati, nikamshika binti yangu.

Siku ya tatu nyumba ilikuwa na bibi wawili. Mama yangu alitoka Magu, mwendo mfupi tu. Mama mkwe alitoka mbali zaidi, Shirati kule Rorya, akashuka stendi ya Nyamhongolo na kuku wawili na ndoo ya dagaa. Wote wawili, kwa wakati wao, waliisoma ile karatasi ya friji. Hakuna aliyecheka.

"Ivanna ndiyo nini?" mama akaniuliza.

"Ni jina tu, Mama."

"Jina tu." Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Huyu kaja na mvua. Huyu ni Kabula."

Mama mkwe alikuwa anachambua dagaa. Akasema bila kuinua kichwa, "Kwetu sisi huyu ni Akoth. Mama yangu mzazi alikuwa Akoth."

Basi, shughuli ikaanzia hapo.

Mwambie baba yako gesi imeisha

Usifikiri bibi ndio waliogombana. Wao walikuwa na heshima zao, wanapishana jikoni kwa "pole na kazi, mwenzangu". Tuliogombana ni sisi wasomi. Mwenzangu, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa timu ya Brianna, ghafla akawa Mjaluo kamili. Eti bibi yake asipopata wa kumrithi jina, mama yake atavunjika moyo. Nami nikawa Msukuma ambaye sijawahi kuwa. Nikamwambia tumbo lilikuwa langu, na mtoto tayari atabeba jina la baba yake na la babu yake. Sasa upande wetu utabaki na nini?

Akasema mi ni mbinafsi. Nikasema yeye ni mtoto wa mama. Mwenye ndoa anajua maneno hayo yakishatoka hayarudi. Wiki ya tatu akahamia kwenye kochi. Tukawa tunaongea kupitia mtoto: "Mwambie baba yako gesi imeisha." "Mwambie mama yako nimesikia." Na mtoto mwenyewe hana jina! Tulimwita Bebi. Karatasi ya tangazo la kizazi, ile inayotoka hospitali, ilikaa kabatini chini ya nepi.

Aliyetupatanisha ni mvua ileile.

Ilikuwa saa tisa mchana, nepi zimejaa kwenye kamba. Wingu likafunga upande wa ziwani, tone la kwanza likadondoka. Mama yangu akaruka kutoka kwenye mkeka akipiga kelele, "Mbula! Mbula!" Mlango wa jikoni ukafunguka, mama mkwe naye anakimbia, "Koth! Koth biro!" Wakakutana kwenye kamba, mikono imejaa nepi, kisha wakasimama. Wakatazamana.

"Umeitaje?" mama yangu akauliza.

"Koth. Mvua. Wewe umeitaje?"

"Mbula."

Mwenzangu alikuwa mlangoni, nami nilikuwa dirishani na mtoto begani. Kabula, mbula. Akoth, koth. Wiki tatu nzima tumegeuziana migongo kwa ajili ya neno moja! Yeye kakulia Tabata, Dar es Salaam, Kijaluo anakisikia kwa mbali. Akoth kwake lilikuwa jina la bibi, basi. Mimi maana ya Kabula niliijua tangu utoto, ila sikuwahi kumwambia, kwa sababu nililiona la kijijini. Na yeye hakuwahi kuniuliza.

Bibi wawili walicheka mpaka nepi zikalowa upya.

Kalenda ya ziwa

Tangu siku hiyo nikawa kama mwandishi aliyepata habari ya ukurasa wa mbele. Likizo ya uzazi ni ndefu, na nilikuwa na wazee wawili sebuleni. Nikachukua daftari.

Kwa Wasukuma, jina mara nyingi ni taarifa ya siku ile. Mvua inakupa Mabula kwa mvulana na Kabula kwa msichana. Limi ni jua. Bujiku ni usiku. Nzala ni njaa, ndiyo maana kuna kina mama wanaitwa Nyanzala, ukihesabu miaka yao unaifikia njaa iliyowakuta wazazi wao. Mapacha hawasumbui mtu: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Majina haya siku hizi yamesambaa nchi nzima, kuna Kulwa wa Mtwara ambaye Mwanza hajawahi kufika. Aliyetanguliza miguu badala ya kichwa ni Kashinje. Kuna waliopewa wanyama na miti: Mashimba ana simba ndani yake, Ng'wandu ni mbuyu. Na kuna waliopewa hali ya nyumba: Makoye ni matatizo, Mihayo ni maneno, Mayunga ni mtu wa kuzunguka huku na huko.

Kila nilipomaliza ukurasa, mama mkwe alijibu kwa upande wake. Kijaluo kinaenda kama jozi za viatu, O kwa mvulana na A kwa msichana, isipokuwa wachache. Mvua ni Okoth na Akoth. Jua ni Ochieng na Achieng. Usiku ni Otieno na Atieno, asubuhi na mapema Okinyi na Akinyi, jua likishapanda Onyango na Anyango, jioni Odhiambo na Adhiambo. Yaani ukiwa na familia ya Kijaluo huhitaji saa ukutani! Babu yake Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani, aliitwa Onyango, kwa hiyo hata saa ya kuzaliwa kwake unaweza kuikisia. Njaa ni Okech na Akech. Mapacha ni Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo, na anayewafuata ni Okello au Akello.

Ona sasa. Kulwa, Doto, Shija. Opiyo, Odongo, Okello. Wasukuma ni Wabantu, Wajaluo ni Waniloti, lugha zao hazina undugu wowote wa karibu, lakini wote wana jina maalumu kwa mtoto anayefuata mapacha. Panda Mara kwa Wakurya utamkuta Wambura, naye ni wa mvua. Vuka Uganda, Waganda wana Wasswa na Kato kwa mapacha wa kiume, Babirye na Nakato kwa wa kike, na anayefuata ni Kizza. Ni kama tuliokaa kulizunguka ziwa hili tuliangalia mambo yaleyale, mvua, njaa, mapacha, kila mmoja akaandika kwa lugha yake.

Pwani nako hawajambo. Mwajuma ni wa Ijumaa, Chausiku wa usiku. Siasa nayo huzaa majina: Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, uhuru wenyewe wa Kenya ukaja Desemba 1963. Jina lilitangulia nchi.

Usiku, bibi wakilala, nilikuwa nanyonyesha huku naangalia tamthilia za Kituruki zilizowekwa sauti za Kiswahili. Nikaanza kujiuliza, hivi hawa nao majina yao yana maana? Nikatafuta kwenye simu, sikulala tena. Deniz ni bahari. Na kuna wasichana wengi tu wa Kituruki wanaitwa Yağmur. Maana yake? Mvua! Binti yangu angezaliwa Istanbul usiku ule, huenda bado angeitwa Kabula, kwa matamshi mengine.

Fomu ina nafasi tatu

Mwenzangu alirudi chumbani siku ya nepi, lakini swali lilikuwa palepale. Maana ni moja, sawa, lakini fomu inaandikwa lipi?

Sisi Watanzania tumezoea majina matatu: la kwako, la baba, la babu au ukoo. Ukikaa ukaitazama fomu, utaona nafasi mbili tayari zimejaa kabla mtoto hajalia. Ni za upande wa baba. Nafasi iliyo wazi ni moja tu, ile ya kwanza. Ndiyo maana ugomvi wa jina la kwanza huwa mkali hivi. Kwa mama na ukoo wake, mara nyingi ndipo mahali pekee pa kusema neno kwenye karatasi ya mtoto.

Haikuwa hivi zamani. Msukuma akikutana nawe anataka kujua wewe ni ng'wana nani, yaani mtoto wa nani. Ndiyo "mwana" iliyo kwenye jina la Mwanamalundi, yule mganga na mcheza ngoma ambaye sifa zake zimevuka Usukuma. Mjaluo humtambulisha binti kwa "nyar", binti wa fulani au binti wa mahali fulani. Wakazakh wa Asia ya Kati wanafanya hivyohivyo: mtoto wa kiume jina la baba yake linaongezewa "uly", mwana, na wa kike "kyzy", binti. Utawala wa Warusi ukawabandika "ov" na "ova" mwishoni, na tangu Kazakhstan ijitegemee mwaka 1991 wapo wengi walioziondoa. Waturuki nao hawakuwa na majina ya ukoo kwa maana ya leo mpaka sheria ya mwaka 1934 ilipomtaka kila mmoja achague. Rais wao Mustafa Kemal alipewa lake na bunge mwaka huohuo: Atatürk, Baba wa Waturuki. Hebu fikiria nchi nzima imekaa vikao vya jina! Sisi tulikuwa wawili tu na tukashindwa.

Na kuna jambo jingine ambalo wenye mimba ya kwanza hawalifikirii. Kwetu, ukizaa, jina lako linakwenda likizo. Sokoni, kanisani, kwenye kikundi cha kinamama, unakuwa Mama fulani, na mwenzako Baba fulani. Kumbe tunapomchagulia mtoto jina tunajichagulia na sisi. Nilijaribu kujiita mbele ya kioo: Mama Ivanna. Nikaona kama namuita mtu mwingine.

Jina likikataa

Wazee wetu waliamini jina linaweza kumkataa mtoto. Mtoto akilia usiku na mchana, hanyonyi, hapati usingizi, watu walikwenda kuuliza ni babu au bibi gani anayetaka kuitwa. Likipatikana jina, mtoto hubadilishiwa.

Usidhani ni habari za watu wasiojulikana. Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 aliitwa kwanza Mugendi, jina la mtu wa kutembea. Baadaye akabadilishiwa, akaitwa Kambarage, kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake, mtemi, alikuwa Nyerere, jina linalotokana na viwavi waliovamia mashamba wakati anazaliwa. Tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa Julius. Julius Kambarage Nyerere: karatasi moja ina ubatizo, mvua na viwavi. Hakulitupa hata moja.

Wengi wetu tulitupa. Sheria ya zamani ya Kanisa Katoliki, ya mwaka 1917, ilimtaka padri ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakigoma, yeye aongeze la mtakatifu. Sheria mpya ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe kinyume na maadili ya Kikristo. Maana yake Kabula anaweza kubatizwa Kabula bila mtu kuvunja sheria. Lakini mazoea hayasomi sheria. Mpaka leo tunayaita majina hayo "ya nyumbani", kama nguo ambayo huwezi kutokea nayo mbele ya wageni.

Awe mvulana

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Siyo kila jina ni mvua na jua. Kijaluo kina Owiti na Awiti, la mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki. Neno linatoka kwenye kutupa, kana kwamba mzazi anaiambia mauti, huyu tumeshamtupa, pita. Waturuki wana Dursun, na Wakazakh wana Tursyn, maana ni ileile: abaki, asiondoke. Nilipoyasoma haya saa nane za usiku, mtoto yuko kifuani, nilimkumbatia zaidi.

Kisha nikakutana na mengine. Yeter, jina la kike la Kituruki, ni "inatosha". Mara nyingi alipewa msichana aliyekuja wakati wasichana wameshakuwa wengi. Na Wakazakh wana Ulbolsyn. Msichana anaitwa hivyo, na maana yake ni "awe mvulana". Anatembea maisha yake yote na ombi la wazazi la kumpata mwingine.

Nilizima simu. Miaka ishirini nilikuwa naamini na mimi nimepewa jina la namna hiyo.

Mimi naitwa Misoji. Kwa Kisukuma, machozi.

Ni mtoto wa tatu kwetu, na wa tatu wa kike. Kidato cha kwanza, mwalimu aliposoma majina, msichana mmoja aliyekijua Kisukuma akalitafsiri kwa sauti. Darasa likacheka. "Kwenu walilia ulipozaliwa?" Sikuwa na jibu, nikajitafutia mwenyewe: baba alitaka mvulana, akalia. Nilipojaza fomu ya mtihani nikaandika la ubatizo peke yake. Miaka baadaye vyeti vikakataa kulingana na cheti cha kuzaliwa, nikazunguka kwa wakili kuapa kwamba mimi na yule mwingine ni mtu mmoja. Nililipa hela ya kiapo na sikushtuka maana ya nilichokuwa naapa.

Baba sikumuuliza. Tulikuwa tunaongea vizuri, karo alilipa, harusini alicheza. Ila kulikuwa na umbali kidogo, na umbali ule niliuweka mimi. Alifariki mwaka 2019.

Basi usiku ule nikamwamsha mama. Nikamuuliza, "Mama, baba alilia kwa sababu nilikuwa wa kike?"

Akakaa kitandani, akajifunga kanga. "Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Mama akanisimulia. Bibi mzaa baba alizikwa siku nne kabla sijazaliwa. Baba ndiye mtoto wa kwanza, msiba wote ulimsimamia yeye: kuchimba, kupokea watu, kuhesabu rambirambi. Hakutoa chozi. Watu wakaanza kumsema. Kisha nikazaliwa, wakampa anishike, na akalia mbele ya watu wote mpaka wajomba wakamtoa nje. Aliporudi, wakamuuliza mtoto aitwe nani. Akasema, huyu ndiye machozi yangu ya mama.

"Alikupa kitu alichoshindwa kumpa mama yake," mama akaniambia. "Wewe ukakiacha shuleni."

Nililia, bila shaka. Jina lenyewe linaruhusu.

Jibu la fomu

Asubuhi nilimsimulia mwenzangu. Alikaa kimya, kisha akaitoa karatasi ya tangazo la kizazi chini ya nepi. "Andika Kabula," akasema. "Nafasi mbili ni zetu, hiyo iwe ya kwenu." Sitakudanganya kwamba alisema kwa furaha. Alikuwa amepoteza kitu na alijua. Aliyemaliza kazi ni mama yake. Alimchukua mjukuu, akamwinua juu kidogo, akasema, "Hawa wakikuita Kabula wamemuita mama yangu kwa Kisukuma. Mimi nitakuita Akoth." Na ndivyo ilivyo. Kwenye cheti ni Kabula, akipiga simu Shirati ni Akoth, na yote mawili anaitika. Jayden, Brianna na Ivanna bado wako kwenye friji, tunaandikia hela ya maji juu yao.

Kabla hamjajaza fomu

Wewe unayesubiri mtoto, au mnaopanga, haya machache nimeyalipia:

1. Anzeni na majina yenu. Kaeni jioni moja, kila mtu asimulie jina lake lilitoka wapi. Mkiwa hamjui, wapigieni wazee leo, siyo mwezi ujao. Wazee hawasubiri.

2. Ulizeni maana kabla ya kukataa. Jina linalokuudhi linaweza kuwa lilelile unalolitaka, kwa lugha ya upande wa pili.

3. Gawaneni nafasi. Zihesabuni nafasi za fomu kwa uwazi. Kama mbili ni za upande mmoja, ile ya kwanza izungumzeni mkiwa na afya, siyo baada ya uchungu na usingizi wa vipande.

4. Jaribuni kuitwa. Itaneni Mama fulani na Baba fulani wiki nzima. Likiwakaa vizuri mdomoni, mmepata.

5. Andikeni sawasawa kila mahali. Jina la kliniki, la cheti cha kuzaliwa na la shule liwe moja, na herufi zilezile. Watoto wa chini ya miaka mitano siku hizi husajiliwa hata kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, usisubiri mpaka aanze kuhangaika na kiapo kama mimi.

6. Msimulieni. Jina zito siyo kosa. Kosa ni kumwachia mtoto jina bila stori yake. Ataitunga mwenyewe, na watoto huwa wanatunga mbaya zaidi.

Jumapili iliyopita tulikwenda Magu, kwenye kaburi la baba. Kabula alikuwa mgongoni, amelala. Mzee mmoja jirani alipita na baiskeli, akasimama kunisalimia.

"Mwangaluka. Wewe ni yupi katika watoto wake?"

Miaka yote nilikuwa najibu kwa jina la ubatizo.

"Misoji," nikamwambia.

"Aaa," akasema, "ndiye wewe uliyezaliwa msibani." Akapanda baiskeli yake akaenda. Kumbe kijiji kizima walijua.

Tukutane toleo lijalo. Na wewe, jina lako la nyumbani ni nani?